Chini ya Gari, Mahali Asipoinama Mnunuzi

Je, ni dhambi kunyamazia jambo ambalo hakuna aliyetuuliza? Wakristo tunaofanya biashara na kazi za mikono hukutana na swali hili mara nyingi kuliko tunavyokiri. Tunataka kulitafakari kupitia gari lililoumia chini, kwa sababu uso wa gari huonwa na kila apitaye, bali tumbo lake huonwa na fundi peke yake.

Wasomaji wenye umri watazikumbuka mbio za Safari Rally. Zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ushindi ulichukuliwa na Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, ambalo ukiliona limeegeshwa mjini hudhani lilitengenezwa kwa lami tupu. Edgar Herrmann aliliendesha mara ya kwanza, na Shekhar Mehta mara ya pili. Tangu mwaka 2003 magari ya zamani ya namna hiyo yamepewa mbio zao, East African Safari Classic, ambazo zimepita pia katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 2011 Björn Waldegård wa Sweden alishinda mbio hizo kwa Porsche 911. Magari haya hufungwa bamba gumu la kukinga injini kwa chini, na hata hivyo mawe huyaumiza. Mashabiki hupiga picha rangi na namba za ubavuni; mafundi hulala chali chini ya gari, wakitafuta ufa.

Wana sababu. Gari kama 240Z au 911 halina chesisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, mihimili na kuta zimechomelewa pamoja zikawa kitu kimoja. Sakafu ndiyo uti wa mgongo. Mhimili ukipindishwa na jiwe, magurudumu huweza kupoteza mstari wake na milango ikagoma kufunga. Chini huko ndiko yanakopita mabomba ya breki. Sampu ikipasuka oili humwagika, na injini isiyo na oili haichukui muda kufa. Wala hili si la magari ya mashindano tu. IST na Noah zinazopanda Bugarika, Mabatini na Isamilo zimeundwa kwa namna hiyo hiyo, na jiji letu la Mwanza halina uhaba wa mawe.

Gari likishaumia, njia za kulitengeneza ni mbili. Ya kwanza ni ndefu. Gari hunyanyuliwa na kuwekwa juu ya vigingi imara, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayeingia chini. Tope huoshwa. Fundi hugonga bati kwa nyundo akisikiliza, na kulichokonoa kwa bisibisi aone kama kutu imelitoboa. Hupima pande mbili kwa mshazari ajue kama umbo limepinda. Kisha hukata bati bovu mpaka afike kwenye bati zima, kwa kuwa bati jipya haliwezi kushika juu ya kutu. Huchomelea, hupaka rangi ya kuzuia kutu, na mwisho kabisa huziba kwa lami. Njia ya pili ni fupi: puti juu ya tundu, lami nyeusi juu ya puti, na gari linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Lakini lami iliyopakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na chuma huendelea kuliwa taratibu gizani.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Kugonga jiwe si dhambi. Mvua imechimba barabara, usiku una giza, na dereva mwangalifu naye hugonga. Tusiwabebeshe watu hatia ya ajali. Jambo la dhamiri huanza asubuhi inayofuata, mwenye gari anapomwambia fundi, "Fundi, nipigie lami tu, Jumamosi nauza," na fundi anajibu, "Sawa, mzee." Katika maneno hayo machache watu wawili wamekubaliana juu ya mtu wa tatu asiyekuwepo. Kesho atapakia watoto wake humo na kushuka nao mlimani.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anapoieleza Amri ya Saba, "Usiibe," hasemi juu ya mwizi wa usiku tu. Anataja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa ya uongo na biashara ya hila. Kisha anaongeza upande wa pili, ambao mara nyingi tuliukariri wakati wa kipaimara bila kuupima: tumsaidie jirani kuitunza na kuiboresha mali yake. Kwa kipimo hicho hatuulizi tu kama tumesema uongo. Tunauliza kama jirani ameondoka kwetu akiwa salama.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi ana macho, ainame atazame mwenyewe. Lakini lami ilipakwa ili asione hata akiinama. Wapo watakaosema, na hawa tunawahurumia, kwamba hawana fedha za matengenezo ya kweli. Umaskini si kosa, na hakuna amri inayomlazimu mtu kuuza gari zima. Anayeuza gari bovu aliite bovu, ashushe bei, na amwonyeshe mnunuzi mahali penyewe. Atapata hasara, ndiyo. Lakini asipoibeba yeye, hasara hiyo haipotei. Inahamia kwa mtu ambaye hakuulizwa kama yuko tayari kuibeba.

Wengine watauliza: je, Petro hakuandika kwamba upendo husitiri wingi wa dhambi? Aliandika, na tunamwamini. Lakini upendo husitiri aibu ya jirani. Hausitiri hatari inayomngoja jirani. Kumfichia ndugu kosa alilolitubu ni upendo. Kumfichia ndugu breki iliyoliwa na kutu ni kumtoa sadaka kwa ajili ya faida yetu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea waliopaka chokaa ukuta dhaifu na kuwatangazia watu amani. Mvua ilipokuja ukuta uliporomoka, na msingi wake ukawa wazi mbele ya watu wote. Mungu hakuwakasirikia kwa sababu ukuta ulikuwa dhaifu. Aliwakasirikia kwa sababu waliuremba.

Tunayosema juu ya gari tunayajua pia juu ya mioyo yetu. Tunaweza kuimba kwaya, kutoa ahadi kwa wakati na kukaa benchi la mbele, huku chini kuna ufa ambao mke, mume au mtoto ndiye anayeuhisi kila siku. Sheria ya Mungu ni ile nyundo inayogonga mpaka bati bovu litoe sauti yake. Inauma, wala haiponyi. Injili ndiyo inayoweka kipya: Kristo hapaki lami juu ya dhambi, huiondoa. Na kwa kuwa tumekwisha kupokelewa kwa neema kabla ya kutengenezwa, hatuna haja ya kuogopa kunyanyuliwa na kutazamwa. Anayejua kwamba hatatupwa anaweza kuonyesha kutu yake. Ndiyo maana hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 ilisema kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Gari lililokaguliwa mara moja bado litapita kwenye mawe.

Basi Jumapili tunapoungama dhambi pamoja, kila mmoja wetu ajiulize ni kitu gani alichouza, alichokabidhi au alichokiri kuwa kizima, naye anajua hali yake ya chini. Kama kipo, na mnunuzi anapatikana, ungamo hilo halijakamilika kanisani. Limebaki kupiga simu.