Haki ya Mgeni na Haki ya Paka Mwoga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, Akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu Waislamu, zijapo siku za Idi na za arusi, nyumba zetu hujaa watu. Huja shangazi kutoka Lamu, huja binamu kutoka Malindi, na watoto wao pamoja nao. Hilo ni jambo la kheri, na wazee wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika nyumba nyingi yuko mwenyeji mmoja ambaye siku hizo hazimponyi, bali humtesa. Naye ni paka wa nyumba, khasa yule aliyeumbwa mwoga, asiyezoea ila sauti za watu wake.

Akisikia hodi tu, hukimbilia uvunguni. Watoto humfuata kwa ufagio na kumvuta mkia. Akikwaruza hupigwa, na huambiwa kuwa ni paka mbaya. Wako hata wanaosema kuwa ana shetani kwa kuwa huwakimbia watu. Na wengine, ili nyumba ionekane safi mbele ya wageni, humtia guniani wakaenda kumtupa sokoni. Hili la mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Huenda msomaji akacheka, akasema: Waislamu wana mashaka makubwa kuliko haya, nanyi mwatuletea habari za paka! Twamjibu kwamba dini yetu haikudharau dhuluma kwa udogo wa mwenye kudhulumiwa. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma mfano wetu sisi. Basi mwenye kuwadharau amewadharau umma wa Mola wake.

Tena tazameni kisa cha Abu Qatada (R.A.), kilichopokewa na Malik, na Abu Daud, na Tirmidhi, na wengineo. Aliingia nyumbani kwa mke wa mwanawe, Kabsha binti Ka'b, naye akamtilia maji ya kutawadhia. Akaja paka akataka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa akatosheka. Alipomwona yule mwanamke anastaajabu, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzungukia majumbani mwetu. Neno hili la wenye kuzunguka ndilo lililotumika katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, kwa watu wa nyumbani waingiao na kutoka. Basi zingatieni: paka hakuhesabiwa mpita njia, amehesabiwa katika jamaa wa nyumba. Na ni mwenye nyumba gani mwenye akili ambaye, akipata wageni, huwatoa jamaa zake akawatupa sokoni?

Na wote twakijua kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Wapo wanaoshika neno hilo la mwisho wakasema: sisi hatukumfungia, tumemwachilia ajitafutie. Hoja hii ni dhaifu. Paka aliyelelewa ndani, akatupwa mtaa asioujua, katikati ya madume yaliyokwisha kugawana majaa yote, hakuachiliwa ajitafutie; ametolewa penye riziki akapelekwa penye kupigwa. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa mwenye mnyama yamlazimu kumpa chakula na maji, na akikataa hakimu humlazimisha. Wajibu huo hauondoki kwa kuwa leo pana pilau na wageni.

Wala isidhaniwe kuwa dhuluma ni njaa na kipigo tu. Kutisha nako ni dhuluma. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba masahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akawa akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alipomwona aliuliza ni nani aliyemfazaisha kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Ndege yule hakupigwa wala hakujeruhiwa. Fazaa yake peke yake ilitosha kuwa ni lawama.

Hapa yatupasa tuonye jambo. Watu wetu wakitaka kumsifu paka husema kuwa ipo Hadithi isemayo kumpenda paka ni katika imani, na husimulia kuwa Mtume alikata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka wake aliyelala. Hadithi ile wanavyuoni wameihukumu kuwa ni ya kuzuliwa, na kisa kile hakina asili katika vitabu vya Hadithi. Hatuna haja ya uwongo mzuri hali tunayo kweli iliyo nzuri zaidi.

Ama mgeni naye ana haki yake, nayo ni kubwa. Mtume (S.A.W.) ameifungamanisha na imani ya Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, na akaweka ukarimu wake kuwa siku tatu. Mgeni mwenye pumu, au anayeogopa paka, asilazimishwe kukaa naye chumba kimoja. Lakini haki mbili hizi hazigombani. Mwenye kupanga mapema huzitimiza zote mbili, na njia zake ni hizi.

Kwanza, siku chache kabla ya wageni kufika, mtengee paka chumba kimoja kisichopitwa na watu, ama pembe ya ghala. Mwekee maji, na chakula, na beseni la mchanga mbali na chakula chake, na kanga kuukuu yenye harufu yako. Mlishe humo tangu sasa, ili siku ya kelele iwe ni mahali anapopajua.

Pili, mpe mahali pa kujificha. Boksi la karatasi lililolazwa ubavu latosha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kuwa katika paka 19 waliopokewa katika makao ya wanyama, wale waliopewa maboksi walitulia upesi kuliko wasiopewa. Basi kujificha si ubaya wa tabia wala si shetani, ndiyo dawa yake. Asivutwe kwa nguvu.

Tatu, wafundishe watoto kabla ya wageni kuingia: asiyekuja mwenyewe hafuatwi. Mgeni apendaye kumzoea akae chini, asimkodolee macho, afumbe na kufumbua macho yake polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kuwa paka humkaribia zaidi mgeni afanyaye hivyo.

Nne, usibadilishe saa zake za kula, na usiku wageni wakilala, mfungulie mlango atembee nyumba yake kwa amani. Akiwapo mgeni mwenye pumu, mtazame paka huko huko chumbani mwake, usimwachilie penye malazi ya mgeni.

Tano, mwangalie. Kujificha siku ya kwanza ni kawaida. Lakini akipita siku nzima hali chochote, apelekwe kwa daktari wa wanyama. Na dume akiwa ajikamua hatoki mkojo, huyo apelekwe saa ile ile, kwani yaweza kumwua.

Ndugu zetu, ukarimu ufanywao mbele ya macho ya watu huingiwa na ria kwa wepesi. Mgeni ataisifu pilau yetu na mazulia yetu, na sifa yake itatupendeza. Lakini bakuli la maji lililowekwa uvunguni, kwa kiumbe asiyeweza kushukuru wala kusimulia, hakuna alionaye ila Mola. Na Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa katika kila chenye uhai tukikitendea wema tuna ujira.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba ambazo mgeni akiingia hufurahi, na mnyonge aliyemo ndani hafazaiki. Amin.