Je, Tiba Iliyoleta Madhara Ilikuwa Kosa?

Wako watu ambao, mgonjwa wao akipatwa na madhara baada ya kupasuliwa, husema: "Laiti tusingalikubali!" Na tangu siku hiyo hujihesabu kuwa wenye hatia. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Natulipime swali hili kwa mfano mmoja, nao ni mpira wa kulishia unaotiwa tumboni.

Mtu asiyeweza kumeza, ama kwa kiharusi ama kwa uvimbe wa koo, atakufa kwa njaa mbele ya chakula. Mwaka 1849 tabibu Mfaransa, Charles Sédillot, alimfungulia mgonjwa wa namna hiyo njia ya chakula tumboni, lakini mgonjwa akafa. Siku hizi madaktari huweza kutoboa matundu madogo, wakaingiza kamera nyembamba, wakaushikiza mfuko wa chakula kwenye ukuta wa tumbo, kisha wakapitisha mpira.

Hata hivyo hatari hazikwisha. Kidonda huweza kuoza. Maji makali ya tumbo huweza kuvuja na kuiunguza ngozi. Chakula huweza kupanda na kuingia mapafuni. Na mpira ukichomoka katika wiki za kwanza, kabla ya njia yake kukomaa, kisha ukarudishwa kwa kubahatisha, chakula huweza kumiminika nje ya mfuko wake, na mgonjwa akawa katika hatari ya kufa.

Basi tuwafikirie watoto wawili wa kiume, kila mmoja akimwuguza baba yake. Wote wawili wameelezwa hatari zile zile, na wote wamekubali kwa huruma ile ile. Baba wa kwanza akapona, wa pili akafa. Je, tuseme kwamba wa kwanza ametenda wema na wa pili ametenda uovu, hali walitenda jambo moja? La, hasha! Matokeo peke yake hayawezi kuwa hakimu.

Lakini ndugu msomaji asidhani kwamba nia njema yatosha. Nia njema si ngao ya mzembe. Yatupasa kuuliza: Je, haja ilikuwapo kweli? Je, mtendaji alikuwa na elimu ya kazi hiyo? Je, mgonjwa, au msimamizi wake, alielezwa faida na hatari, akaridhia? Asiyejali maswali haya ana lawama, hata kama mgonjwa wake atapona.

Pengine mtu atasema: "Basi kila kiwezekanacho na kitendwe." Hilo nalo si sawa. Mwaka 2014 chama cha Marekani cha madaktari wa wazee, American Geriatrics Society, kilishauri kwamba wazee waliopotewa kabisa na akili kwa maradhi ya ubongo wasitiliwe mpira huo, bali walishwe polepole kwa mkono. Kwani haikuthibitika kwamba mpira huwarefushia maisha. Kumbe mara nyingine huruma iliyo bora ni kijiko na subira.

Na wako wasemao, madhara yakitokea, kwamba ni majaliwa tu. Maneno hayo ni faraja kwa aliyetimiza wajibu wake. Kwa aliyeuacha ni kisingizio. Maumivu makali wakati wa kulisha, homa, tumbo kukaza, au mpira kuchomoka, ni dalili za kusimamisha chakula na kumfikisha mgonjwa hospitali bila kukawia. Anayeziona akazificha kwa kuogopa aibu, hapo ndipo kosa lake linapoanza.

Kwa hiyo mtu na ahukumiwe kwa yale aliyoyajua, na yale aliyopaswa kuyajua, saa ile alipoamua. Si kwa yale yaliyofunuliwa baadaye. Yeye aliyeuliza, akapima, akakubali kwa huruma, kisha akakesha kando ya kitanda, ana huzuni, wala hana hatia. Huzuni na hatia ni vitu viwili, na ni dhuluma kuvichanganya, hata mtu anapojihukumu mwenyewe.