Raia na Afya ya Mji Wake

Mtu akimchotea maji jirani yake mgonjwa, watu wote humsifu. Mtu huyo huyo akiiandikia Serikali kuuliza sababu ya majirani kuugua, wako watakaomwita mgomvi, na wengine mpenda makuu. Basi yafaa kuuliza: Je, shauri la afya ya wote ni juu ya wakubwa peke yao, au raia mdogo naye ana wajibu?

Mji wa Lubumbashi wafundisha mengi juu ya swali hilo. Ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru lake likaanza kuyeyusha shaba. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki uliuchukua moshi wa bomba refu kuelekea Penga Penga, hata miti ya upande ule ikafa na udongo ukajaa madini. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya wakaaji wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto waliwazidi watu wazima. Mtoto achezaye katika vumbi hulila pasipo kujua.

Madhara ya namna hii hayaondolewi kwa dawa ya nyumba moja. Mama aweza kufagia ua wake asubuhi na jioni. Hawezi kuufagia upepo. Kwa hiyo, anayempenda jirani yake kweli hatosheki kumpelekea uji kitandani. Atauliza pia ni kitu gani kilichomlaza.

Wasema wengine: "Mambo ya Serikali ni ya Serikali." Neno hilo lina sehemu ya ukweli, maana si kila mtu awezaye kutunga sheria. Lakini sheria yenyewe yamwita raia. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 27, yampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakuu, peke yake au pamoja na wenzake. Wakuu nao wapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu, wala mtu asishtakiwe kwa sababu ya ombi hilo. Kifungu cha 53 chaongeza kwamba kila mtu ana haki ya kuishi mahali penye afya, tena ana wajibu wa kupatetea kwa njia zote za halali. Haki na wajibu zimefungwa katika kamba moja.

Iko hoja nzito kuliko hiyo, nayo ni hoja ya mkate. Baba anayelisha jamaa yake kwa mshahara wa mgodi aogopa kusema, asije akakosa kazi. Hofu yake isidharauliwe. Lakini na apime vema. Utafiti uliofanyika Lubumbashi na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi za migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Basi anayenyamaza kwa ajili ya watoto wake, huenda watoto hao hao ndio wanaolipa gharama ya kimya chake. Tena, kutaka moshi uchujwe na maji machafu yazuiwe si kutaka tanuru lizimwe.

Huenda mtu akauliza kama sauti ya wanyonge hufika popote. Kenya yatoa jibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja kiliyeyusha betri kuukuu, na madini ya risasi yakawadhuru wakaaji. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, aliwaongoza wenzake kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Njia ilikuwa ndefu, lakini hawakuiacha.

Hata hivyo, kusema kuna masharti yake. La kwanza ni kweli: aandikaye ombi aandike alichokiona, siku gani na mahali gani, wala asiongeze chumvi wala kumsingizia mtu. La pili ni umoja, kwa maana ombi la mtaa mzima halipuuzwi upesi. La tatu ni saburi. Tena raia asikimbie kikao. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kampuni za migodi kutenga angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji, na wajumbe wa wenyeji wawemo katika kuisimamia fedha hiyo. Kiti kisichokaliwa na mtu mwaminifu hakikosi mwingine wa kukikalia.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo ilivyo kwa mtu, ndivyo ilivyo kwa mji. Serikali yaweza kupima hewa na kutoza faini, lakini haikai katika kila ua. Akaaye humo ndiye aonaye kwanza vumbi juu ya mboga na kusikia kikohozi cha usiku. Aliyeona na aseme, kwa adabu na kwa kweli. Na aliyeambiwa ajibu.