Shahada ya Uongo

Ndugu zangu, katika mabweni yetu hapa Kampala nasikia hoja hii: elimu ni ya Allah, haina mwenyewe, kwa hiyo kunakili kazi ya mwingine si wizi. Nusu yake naikubali. Lakini anayeweka jina lake juu ya tasnifu aliyoinunua hagawani elimu na mtu. Anatoa ushahidi kuhusu nafsi yake, na ushahidi huo ni wa uongo. Kiswahili kinaiita digrii shahada, na neno hilo halikuja bure.

Wanazuoni wa hadithi walitaka isnadi kwa kila riwaya: nani kapokea kwa nani. Aliyemficha mtu aliyempa riwaya aliitwa mudallis, hata kama maneno yenyewe yalikuwa sahihi.

Tena, imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Kulowa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuficha.

Naona hapo faraja kwa aliye dhaifu darasani. Insha yako mbovu, ikiwa ni yako, imewekwa juu. Mwalimu ataiona, atakusahihisha. Ya kunakili huficha unyevu mpaka siku mgonjwa atakapolala mbele yako, nawe ndiye daktari, na hakuna wa kunakili kwake.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa.