Kutoa Kiungo cha Mwili: Suala la Mzee wa Kulesa

Tulipokwenda Kulesa kwa ajili ya darsa, baada ya sala ya Alasiri alisimama mzee mmoja, mkulima, akatuuliza suala ambalo hatukulitazamia. Figo zote mbili za mwanawe zimekufa. Mara mbili kila wiki kijana huyo hutolewa Kulesa akapelekwa Garsen, na kutoka Garsen akapelekwa Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita mia, ili damu yake ikasafishwe kwa mashine. Mto ukifurika na njia ikakatika, kama ilivyokuwa mwaka 2018 na tena mwaka 2023, safari hiyo huwa ni ya kubahatisha, na mwenye maradhi hayo hawezi kungoja maji yapwe. Daktari amewaambia kwamba akipatikana jamaa wa kumpa figo moja, kijana ataweza kuiacha mashine. Mzee yu tayari. Lakini watu wa nyumbani kwake na wazee wenziwe wamemzuia. Wamwambia kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, si mali yake aukate atakavyo. Tena kwamba siku ya kufufuliwa atasimama na upungufu.

"Basi niambieni, masheikh wangu," akasema. "Mwanangu namwona akiisha."

Tulimjibu kwa ufupi siku ile, na jawabu yetu haikuturidhisha sisi wenyewe. Twalirejea suala hilo hapa kwa kuwa twajua si la mzee mmoja. Mwambao wote huu, tangu Lamu hadi Vanga, lasemwa majumbani kwa kunong'ona, na mimbarini ni nadra kutajwa.

Tuanze na hilo la kufufuliwa, kwani ndilo jepesi, ingawa ndilo linalotisha watu zaidi. Wakaao ukingoni mwa Tana wawajua watu waliochukuliwa na mamba, wengine hata kitambaa chao hakikuonekana. Je, yuko miongoni mwetu athubutuye kusema kwamba Mola ameshindwa na mamba? Katika Suratul Qiyama Mwenyezi Mungu amewajibu waliodhani kwamba mifupa haitakusanywa, akataja kwamba hata ncha za vidole aweza kuzisawazisha. Aliyezikwa baharini, aliyeungua moto, aliyekatwa mguu hospitalini kwa ajili ya kisukari, wote watafufuliwa. Figo ya mzee wa Kulesa haitampotea Muumba wake kwa kuwa imekaa katika ubavu wa mwanawe. Aliyemtia khofu mzee huyu kwa neno hilo amemtisha kwa jambo ambalo si katika dini.

La pili ni zito zaidi, nalo ni amana. Kweli mwili ni amana. Na maiti ana hurma yake. Imepokewa hadithi mashuhuri inayoufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na uvunjaji wa mfupa wa aliye hai. Hatuwezi kuipita hadithi hiyo kana kwamba haipo, wala hatuwapendi waandishi wafanyao hivyo. Lakini wanavyuoni wetu wenyewe wameisoma, kisha wakasema katika madhehebu ya Imamu Shafi kwamba mwanamke akifa na mtoto tumboni yu hai na yatarajiwa kuwa ataishi, tumbo la maiti lapasuliwa ili mtoto atolewe. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu walichosomeshwa masheikh wa mwambao wetu kizazi baada ya kizazi, amejuzisha mwenye njaa ya kufa asiyepata kitu kingine ale hata katika mwili wa maiti wa binadamu. Wengi wetu tumelipita neno hilo katika kusoma kwetu, tukaona ni jambo la kigeni lisilotuhusu. Kumbe maana yake ni kubwa: hurma ya maiti ni kubwa, na roho ya aliye hai yaitangulia.

Ikiwa mwenye njaa ameruhusiwa hayo, vipi kipofu azuiliwe kupewa kioo cha mbele cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea, kutoka kwa maiti ambaye mchanga utamla jicho hilo baada ya siku chache? Konea hutolewa katika saa chache baada ya kufa, macho yakafungwa, na maiti akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa na kuzikwa kama desturi. Upandikizaji wa kwanza wa namna hii uliofaulu ulifanywa mwaka 1905 na tabibu Eduard Zirm, katika mji wa Olomouc. Si jambo la jana.

Hata hivyo yatupasa tuseme ukweli wote. Minhaj hiyohiyo yakataza mtu aliye hai kukata sehemu ya mwili wake ili ampe mwingine. Hili ndilo lililomgusa mzee wetu, na wazee wenziwe, bila ya kujua, walikuwa na kitabu upande wao. Wako pia wanavyuoni wakubwa wa zama zetu waliokataa: Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, na Sheikh Muhammad Mutawalli Sha'rawi wa Misri. Hatuwatukani. Lakini tutazame sababu ya katazo. Katika zama za Imamu Nawawi, aliyekata nyama ya paja lake kumlisha mwenziwe alijitia katika mauti kwa yakini ili amwokoe mwingine kwa dhana. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 1954 mjini Boston, Marekani, tabibu Joseph Murray alimpandikiza Richard Herrick figo iliyotolewa kwa pacha wake Ronald. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, aliyetoa, alikufa mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Yaani alitembea duniani na figo moja kwa miaka 56. Khatari haikuondoka yote, na atakayekuambia kwamba kupasuliwa ni mchezo amekudanganya. Mtoaji hana budi kupimwa damu, mkojo, presha na moyo. Akionekana ana kisukari au figo dhaifu, hukataliwa. Lakini khatari iliyopimwa ikaonekana ndogo si sawa na mauti ya yakini, na hukumu hufuata sababu yake.

Kwa ajili hiyo Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudia lilijuzisha jambo hili mwaka 1982, na Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu, iliyokutana Jidda mwezi wa Februari 1988, ikatoa uamuzi wake kwa masharti. Aliye hai asipate madhara ya kumharibia maisha yake. Atoe kwa hiari. Asitoe kiungo ambacho uhai wasimama juu yake, kama moyo. Na maiti asitolewe kitu ila awe aliruhusu mwenyewe au warithi wake waruhusu. Na sharti ambalo sisi twaliona ndilo nguzo ya yote: kiungo hakiuzwi.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mwezi wa Aprili 2025 vyombo vya khabari vya Ujerumani vilitangaza uchunguzi wao juu ya vijana wa Kenya waliodaiwa kuuza figo zao mjini Eldoret, zikaingia katika miili ya wageni wenye mali. Wizara ya Afya ikasimamisha upandikizaji katika hospitali iliyotajwa. Watu wengi waliposikia hayo walisema, "Mwaona? Ndiyo maana hatutaki mambo hayo." Sisi twaona kinyume chake. Dalali hupata soko pale ambapo watu wema wamenyamaza. Mgonjwa ambaye nduguze wote wamekataa kwa sababu ya neno la kufufuliwa na upungufu, naye ana fedha, atamtafuta maskini asiye na khabari. Na maskini huyo anaweza kutoka Garsen kama anavyoweza kutoka kwingineko. Deni la mbegu na karo za shule twazijua. Sisi tulioacha kuwaeleza watu njia ya halali tumo katika dhambi hiyo, hata kama mikono yetu haikushika fedha.

Sheria ya nchi imelikataza jambo hilo waziwazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeifanya biashara ya viungo na damu kuwa kosa la jinai. Sheria hiyohiyo yamruhusu mtu mwenye akili timamu kutoa kiungo chake kitumiwe baada ya kufa kwake, kwa kukiandika katika wasia, au kwa karatasi iliyotiwa sahihi naye na mashahidi wawili, au hata kwa kusema tu mbele ya mashahidi wawili. Msomaji wetu aliyesoma hukumu za wasia hatahitaji kufunzwa na wakili. Wasia na mashahidi wawili ni mambo tuliyolelewa nayo.

Kuhusu moyo na ini kutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa na kifua chake chapandishwa na mashine, wanavyuoni wangali wakikhitalifiana. Majmaa ilikubali mwaka 1986 katika mkutano wa Amman kwamba ubongo ukifa wote, bila ya tamaa ya kurejea, na matabibu wakathibitisha, huyo amekufa. Wengine hawakukubali. Sisi hatumlazimishi mtu. Khitilafu hiyo haigusi figo ya baba kwa mwanawe, wala konea, wala damu; na watu wetu wameyachanganya yote katika kapu moja.

Damu nayo tuitaje, maana hata hiyo watu wetu waionea choyo. Mama ajifunguapo akatokwa na damu hana wiki ya kungoja. Na damu haitengenezwi kiwandani, haipatikani ila kwa mtu. Mwili wa mtoaji huirudisha wenyewe. Kwa hili hatukuona udhuru wowote kwa kijana mwenye afya njema.

Lipo swali jingine ambalo mzee hakutuuliza, lakini aliuliza kijana mmoja kwa sauti ya chini tulipokuwa twaondoka: Je, kiungo changu kikimwendea asiyekuwa wa dini yangu, au asiyekuwa wa kabila langu? Tulijua alitoka wapi na neno hilo. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana katika Tana hii. Zaidi ya watu mia walikufa, wanawake na watoto wakiwamo. Kulesa na vijiji jirani vingali na watu wasioamkiana. Kijana huyo hakuwa akiuliza fiqhi. Tulimkumbusha kwamba Sura ya Maida, pale inapotaja kuihuisha nafsi moja kuwa ni kama kuwahuisha watu wote, imesema nafsi, wala haikutaja kabila la mwenye nafsi. Na tulimpa khabari ya Afrika Kusini. Mwezi wa Januari 1968, zama za ubaguzi wa rangi, moyo wa Clive Haupt, ambaye serikali ilimwandika kuwa chotara, ulitiwa katika kifua cha Philip Blaiberg, mzungu. Watu hao wawili hawakuruhusiwa kuketi benchi moja. Moyo ulipiga zaidi ya mwaka na nusu, wala haukuuliza. Kijana alinyamaza. Hatujui kama alikubali.

Basi jawabu yetu kwa mzee, ambayo tumempelekea kwa maandishi ili awasomee wa nyumbani kwake, ni hii: yafaa umpe mwanao figo moja, madaktari waaminifu wakikupima na kuona kuwa hutadhurika, usichukue fedha, na ukikhofu moyoni, si dhambi kukataa, kwani hii ni hiari wala si faradhi. Mkeo naye mshauri, asiambiwe siku ya kuingia hospitali.

Lakini limebaki jambo moja la kuungama. Siku ile, tulipokwisha kumjibu kwa ufupi, mzee alitutazama akauliza kwa upole, "Na nyinyi mnaotufundisha, mumeandika wasia wenu?" Hakuna kati yetu aliyekuwa ameandika. Tulirudi Garsen kimya. Katika wiki iliyofuata watatu wa darsa yetu waliandika karatasi zao mbele ya mashahidi wawili, wakatoa macho yao. Wa nne aliiandika, mkewe akalia, akaiweka sandukuni bila ya kuitia sahihi. Waliobaki wasema wangali wakifikiri.