Khazina Iliyo Chini ya Ukuta

 

Ndugu zetu Waislamu wa Junda, na wa Kisauni yote, na wa ng'ambo ya Likoni na Changamwe! Tumeulizwa katika darsa yetu suali hili: Mtu akishika kile chombo cha kutafutia madini, akapita nacho uani mwa nyumba kongwe, chombo kikalia, akachimba akatoa sarafu za kale, je, sarafu hizo ni halali yake? Na muulizaji akaongeza kuwa wako wasemao kwamba hiyo ni rikazi, na mtu akishatoa khumsi, yaani fungu moja katika matano, basi yaliyobaki ni yake ayatumie apendavyo.

Suali hili ni zuri, na jawabu lake lataka uangalifu, kwani ndani yake mna haki za watu walio hai na haki za waliokufa.

Chombo chenyewe hakina kosa. Ni waya uliozungushwa ukapitishwa umeme. Penye madini chini ya ardhi, chombo hulia. Hakipambanui baina ya ua na kaburi. Kisu huchinja cha halali na huchinja cha wizi; lawama si ya kisu, ni ya mkono uliokishika.

Basi na tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Kahf twasomeshwa kisa cha Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema, ambaye wafasiri wengi wamesema kuwa ni Khidhri. Waliingia mji wakaomba chakula, na watu wa mji wakakataa kuwakaribisha. Humo wakakuta ukuta wataka kuanguka, na mja yule akausimamisha, wala asitake ujira. Kisha akambainishia Musa sababu yake: chini ya ukuta ule palikuwa na khazina ya mayatima wawili, na baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola alitaka wafikilie utu uzima waitoe wenyewe.

Tazameni, ndugu zangu. Mja yule aliijua khazina ilipo, wala hakuhitajia chombo cha kulia. Alikuwa mgeni aliyenyimwa chakula. Wenye mali walikuwa watoto wasiojua kitu, na lau angalichimba usiku hapana ambaye angalimdai. Pamoja na hayo hakuchimba, alijenga ukuta. Huu ndio mwendo tuliofunzwa na Qur'ani: mwenye kujua kuwa chini ya ukuta wa watu mna mali, kazi yake ni kuushikiza ukuta, si kuufukua.

Sasa tuje kwenye hoja ya rikazi. Ni kweli kwamba Mtume (S.A.W.) ameiwajibisha khumsi katika rikazi, na Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini rikazi ni nini? Kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ni mali iliyozikwa na watu wa zama za ujahili, kabla ya Uislamu. Ama mali iliyozikwa na Waislamu, hiyo ina mwenyewe. Akijulikana atapewa yeye, au warithi wake. Na asipojulikana, hukumu yake ni lukata, yaani mali iliyookotwa. Hata ikiwa haijulikani ni ya zama zipi, pia ni lukata. Na mwenye kuokota lukata ameamrishwa akijue vyema kifuko chake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima.

Je, udongo wa mwambao wetu ni wa zama zipi? Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misingi ya msikiti wa yapata karne ya 8. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilitolewa ardhini sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zenye umri wa miaka 900 na zaidi. Na sarafu hizo za fedha zina majina ya watawala wa Kiislamu. Sarafu za shaba za Kilwa nazo zina jina la Sultani upande mmoja, kama Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman, na upande wa pili tamko la kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili yamepatana kwa vina. Mtu atoaye sarafu kama hiyo chini ya ukuta wa nyumba ya Waislamu, akaiita mali ya ujahili, atakuwa hakuisoma, au ameisoma akajitia kutojua.

Pengine atasema: "Niliyoipata mimi haina jina la Muislamu." Twamjibu kuwa katika rikazi la kutazamwa ni nani aliyeizika, si nani aliyeipiga chapa peke yake. Wazee wetu walikuwa watu wa biashara. Riale ya Maria Theresa ina sura ya malkia wa Kikristo na mwaka 1780, nayo iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Lakini ndiyo iliyokuwa mahari ya bibi zetu na thamani ya pembe na karafuu. Na huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimbua mwaka 1948, iko nyumba iliyoitwa Nyumba ya Sarafu za Kichina kwa sababu ya sarafu zilizokutwa ndani yake. Sarafu ni ya China, lakini nyumba ni ya Waislamu na mji ni wa Waislamu.

Hoja ya pili ni ya yule asemaye: "Ua ni wangu, nimeununua." Huyu ana haki kuliko apitaye njia, lakini haki yake haikukamilika. Wanazuoni wetu wamesema kuwa kilichokutwa katika milki huulizwa mwenye milki. Akisema si chake, huulizwa aliyekuwa kabla yake, na aliyekuwa kabla ya huyo, mpaka kufikia yule wa kwanza aliyeihuisha ardhi ile. Na nyumba kongwe za mwambao ngapi ni za mtu mmoja? Nyingi ni za urithi usiogawanywa, zina warithi walioko Mombasa, na Unguja, na Maskati; ndani yao mna wajane na mayatima. Nyingine ni wakfu, na wakfu una nadhiri wake. Anayechimba bila ya idhini ya hao wote amekula mali ya watu, hata kama mlango ameufungua kwa ufunguo wake mwenyewe. Na anayechimba uani mwa jirani, au katika gofu lisilo mlinzi, huyo hana hata shubuha ya kujitetea.

Tena wazee wetu walizika maiti wao karibu na nyumba zao na misikiti yao. Nendeni Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji ulioachwa tangu miaka 500 na zaidi, mtayaona makaburi kando ya msikiti. Chombo kikilia hapo, mchimbaji hajui atakutana na pete au na mfupa. Na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuvunja mfupa wa maiti, akaufananisha na kuvunja mfupa wa aliye hai.

Hoja ya tatu ndiyo isemwayo kwa sauti ndogo: "Nikiipeleka, Serikali itaichukua, afadhali nifaidike mimi." Ndugu zangu, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi imekataza kuchimbua vitu vya kale bila ya ruhusa, na imemtaka aliyevumbua kitu cha namna hiyo atoe khabari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7. Na wako katika wanazuoni wa madhehebu yetu walioiona mali kama hii kuwa ni mali iliyopotelewa na wenyewe, ambayo mtawala huihifadhi kwa ajili yao. Basi kuifikisha Ngome ya Mombasa, ambayo ni makumbusho tangu mwaka 1962, ili ihifadhiwe na itazamwe na watoto wa Waislamu na wasiokuwa Waislamu, ni karibu zaidi na amana kuliko kuitia mfukoni mwa mnunuzi wa gizani asiyetaja jina lake.

Na hasara nyingine haina malipo. Sarafu iliyo mahali pake ni shahidi: yasema nani aliishi hapa, na lini, na alifanya biashara na nchi gani. Ikishang'olewa usiku ikauzwa, shahidi amefungwa kinywa. Lau sarafu zile za Gedi zingalitolewa na mwizi, leo zingalikuwa vipande vya shaba visivyo kwao, na nyumba ile isingalikuwa na jina. Kisha twalalamika kwamba wageni watuambia hatuna tarekhe!

Ama wale wanaomwendea mganga awaonyeshe khazina, wakachinja kuku wa kumridhisha jini mlinzi wa mali, hao wamefanya dhambi mbili: wametaka mali isiyo yao, na wameitaka kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu.

Basi muhtasari wa jawabu ni huu. Usipitishe chombo katika ardhi ya watu bila ya idhini ya wenyewe na ruhusa ya sheria. Ukikuta kitu kwa bahati, ulimapo au uchimbapo msingi, kiache kama kilivyo, usikisugue wala usikiuze. Waite wenye milki, na nadhiri wa wakfu ikiwa ni wakfu, na uwape khabari Makumbusho. Na nguvu ulizotaka kuzitumia kwa jembe usiku, zitumie mchana kwa chokaa na mawe. Kuta za wazee wetu zainama kila masika. Mwenye kuushikiza mmoja wao, hata asitoe chini yake pesa moja, amefuata mwendo wa yule mja mwema.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, na atujaalie tuwe walinzi wa amana za waliotutangulia. Amin.