Elimu Baada ya Kengele

Mwaka 2004 Salman Khan, aliyekuwa akiishi Boston nchini Marekani, alianza kumsomesha hesabu binamu yake, binti mdogo aliyekuwa New Orleans, kwa njia ya simu na intaneti, baada ya shughuli za mchana. Na kutokana na hisani hiyo ya jamaa kwa jamaa ikazaliwa Khan Academy, ambayo masomo yake leo hutazamwa bila malipo ulimwenguni.

Nasi Afrika Mashariki tuliushuhudia mfano wa hayo mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipozifunga skuli za Kenya na Tanzania, baadhi ya vijana wakapata darasa katika makundi ya WhatsApp, humo mwalimu akituma maswali kwa maandishi na ufafanuzi kwa sauti, na aliyefahamu akimsaidia mwenziwe aliyetatizwa. Lakini ilidhihirika pia kwamba fadhila hiyo haikuwafikia wote, kwani aliyekosa simu, umeme au fedha za bando alibaki nyuma, ilhali akili yake haikupungukiwa na kitu.

Basi enyi wazazi na walezi, simu ni chombo, nacho hufuata mkono wa nahodha wake. Mpangieni kijana saa maalumu ya jioni, mjue anazungumza na nani na juu ya nini, kisha alale kwa wakati. Na mwenye simu nyumbani asione taabu kumkaribisha mtoto wa jirani asiye nayo, kwani elimu ni haki ya wote.